Msichana Aliyeogopa Kunywa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Likoni, Sista Msimamizi hakunipa sindano wala bendeji. Alinipa kiti. "Kaa hapo uwatazame wanavyoingia," alisema. "Anayesema anakufa, mtazame. Anayesema haumwi, mtazame zaidi." Nilinuna. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, sare yangu imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, halafu nakalishwa kama mgeni! Ilinichukua muda kuelewa kwamba somo lilikuwa limeshaanza.

Baadaye nilihamia zahanati ya kiwanda kule Changamwe, chini ya Daktari wa Kampuni, bwana mpole aliyependa kusema kwamba mashine haziombi ruhusa ya ugonjwa. Nilifunga vidole vilivyopondwa na kupima presha za wapakizi. Miguu ilipochoka kusimama, niliomba umetroni katika shule ya bweni ya wasichana huko Kisauni, upande wa Bamburi. Metroni ndiye muuguzi na mama wa shule kwa pamoja. Nilijiambia huko nitakutana na malaria, maumivu ya mwezi na homa za uongo za siku ya mtihani wa hesabu, basi. Hizo homa nilizijua hata kabla mlango haujafunguliwa.

Huko ndiko nilikokutana na Mwanasiti, binti wa Mishomoroni, wa kwanza katika darasa lake tangu kidato cha kwanza. Alikuwa na selimundu. Huu ni ugonjwa wa damu wa kurithi: chembe nyekundu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa myembamba, na pale zilipokwama mtu huumwa hadi ndani ya mfupa. Hauponi kwa kupumzika. Mtu huishi nao kwa vidonge vya kila siku, kwa kujikinga na baridi, na kwa kunywa maji mengi.

Alipoingia kidato cha nne, mashambulio yalianza kufuatana. Vidonge alivimeza mbele yangu, na maji ya kuoga nilimpashia moto. Bado aliletwa chumbani kwangu akiwa amebebwa, ameuma kanga asilie. Jioni moja nikaiona chupa ya maji niliyokuwa nimemjazia asubuhi.

"Umekunywa leo?"

"Nimekunywa, Metroni."

"Mbona chupa imejaa?"

Akainamisha uso. "Nikinywa nitatoka. Nikitoka nachukua kibao. Wameshanipa jina, wananiita Bi Kibao. Na Mwalimu wa Kemia hamngoji mtu."

Lazima niwaeleze hicho kibao. Kila darasa lilikuwa na kipande kimoja cha ubao kilichotundikwa mlangoni, na hakuna aliyekwenda msalani bila kukishika. Aliyekichukua mara mbili katika kipindi kimoja alizomewa. Basi wasichana wakajifundisha kukaa na kiu. Wenzake waliumwa na kichwa tu. Yeye kiu ilimpeleka hospitali.

Wiki hiyohiyo alishikwa tena. Mwalimu Mkuu, mama wa bara, mkali lakini si mbaya, akatuita ofisini, mimi, Mwanasiti na mama yake. "Huyu aende nyumbani apumzike," alisema. "Mtihani wa taifa ataufanya mwakani."

"Mwakani pia atakuwa na damu hiihii," nikamwambia.

"Na akinianguka katika chumba cha mtihani, Metroni, nitamjibu nini huyu mama?"

Lilikuwa swali la haki. Mama yake akadakia, mtandio umemshuka mabegani. "Mwalimu, mimi nishazika mmoja kwa damu hii, kakake huyu. Cheti sikitaki. Namtaka mtoto."

Mwanasiti alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. "Mama, kaka alikufa yuko nyumbani, amepumzika," alisema polepole. "Mimi naomba nifanye mtihani wangu pamoja na wenzangu. Nikikaa nyumbani nitakuwa nangoja tu."

Mama alilia. Mwalimu Mkuu alitazama nje mpaka kengele ikalia. Kisha akasema atakubali iwapo mzazi ataridhia. Mama akajifuta machozi, akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo Mwanasiti aliketi karibu na mlango, chupa juu ya dawati, na kibao kikaondolewa kwa kidato cha nne chote. Masomo ya alfajiri tulimwachisha, alale. Hilo lilimuuma kuliko sindano. Katika mtihani wa majaribio alishuka mpaka wa sita, akaja kulia kwangu. Sikumwambia alama hazina maana, maana kwake zilikuwa nayo. Nilimwambia wa sita aliye hai ana kesho, akaninunia siku mbili.

Mtihani wa taifa ulipofika alianza vizuri. Katikati ya wiki ya pili damu ikakataa. Karatasi zilizobaki alizifanyia kitandani hospitalini, msimamizi upande mmoja, askari mlangoni, dripu mkononi. Mimi nilingoja kwenye korido nikisoma kila dua niliyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani. Niliogopa, jamani. Msimdanganye mtu kwamba muuguzi akizeeka huacha kuogopa.

Mwisho wa mwaka huo nilistaafu, nikarudi Likoni kwenye mchicha wangu. Wauguzi vijana hunijia wakiniuliza kama nilifanya sawa kumtetea. Huwaambia kwamba mgonjwa wa miaka mingi anaujua ugonjwa wake, na ana mambo mengine anayoyataka maishani, na kazi yetu ni kuyabeba yote mawili. Kama nilifanya sawa, sikuwa na hakika.

Matokeo yalipotoka, mama yake Mwanasiti alivuka feri kuja kwangu. Hata shikamoo hakuimaliza.

"Bi Metroni, nilikuwa uani nafua. Nikasikia mtoto kapiga ukelele chumbani. Nikatupa nguo, nikashika dawa, nikakimbia namwita Mola. Kufika, yuwacheka, simu mkononi."

"Amepata nini?"

"B." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini silo lililonileta. Tangu nimzae, akipiga ukelele najua ni maumivu. Wallahi, sikujua kuwa mwanangu hupiga ukelele hata kwa furaha."