Sahihi Niliyoifuta

Tulikuwa madaktari bingwa watatu katika hospitali yetu ya serikali pale Mwanza: mmoja wa upasuaji, mmoja wa watoto, na mimi wa usingizi. Mshahara wangu haukufika katikati ya mwezi. Mke wangu alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba tuliyopewa na serikali, na mayai hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wetu wanne.

Kisha ukaja mradi wa wafadhili. Siku moja dereva wao, mtu mzima wa Buzuruga, alinitajia mshahara wake nilipomuuliza. Ulikuwa ukiuzidi wangu kwa mbali.

Daktari wa upasuaji aliandika barua kwenda wizarani, nasi wawili tukatia sahihi. Haikuwa na matusi. Tuliomba tu ubingwa wetu utambuliwe kwenye malipo, maana tulilipwa karibu sawa na waliotoka chuoni juzi.

Haukupita muda, ofisa mmoja wa utawala akaniita peke yangu.

“Daktari, nyumba unayokaa ni ya nani?”

“Ya serikali.”

“Na watoto bado wanasoma?”

“Bado, mzee.”

Akanisogezea karatasi na kalamu. Niliandika kwamba niliitia sahihi barua ile bila kuielewa. Mimi, niliyeisoma mara mbili. Mwenzetu wa watoto naye aliandika hivyo hivyo.

Yule wa upasuaji alihamishiwa wilaya isiyo na hata chumba cha upasuaji. Hakwenda. Aliacha kazi, akapata nafasi Botswana. Alipokuja kuniaga hakutaka kuketi.

“Sikulaumu,” alisema. “Ningekuwa na watoto wanne, labda hata mimi ningeandika.”

Afadhali angenitukana.

Mwezi haujaisha, aliletwa mama kwa meli kutoka Nansio, utumbo umejisokota, tumbo limevimba. Mpasuaji mpya hakuwa ameletwa, na hali ya mama huyo haikuruhusu safari nyingine. Nilimpa usingizi. Daktari kijana ambaye hajawahi kufanya upasuaji ule peke yake akashika kisu. Mama yule hakuamka.

Nilitoka kumwambia mumewe. Alinisikiliza akiwa ameshika kanga ya mkewe.

“Asante, dokta. Mmejitahidi,” alisema, kisha akaniuliza meli ya kurudi Nansio inaondoka saa ngapi.