Karatasi Ambayo Mama Nyiramana Hakuisoma

Kanisani kwetu unaweza kusinzia wakati wa mahubiri, lakini wakati wa matangazo hapana. Matangazo anasoma Mama Nyiramana, fundi cherehani, mjane, aliyerudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, na watoto watatu na mashine moja ya kushona. Baada ya sadaka anasimama, anavaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi, kisha anasoma, kwanza Kinyarwanda halafu Kiswahili: nani anaoa, nani kafiwa, mbuzi wa nani kapotea, umuganda, ile kazi ya pamoja, utafanyika wapi. Pasta akisema Yesu anarudi, watu wanaitikia amina na kuangalia saa. Nyiramana akisema chanjo ni Jumatano, Jumatano wote wako kwenye foleni.

Shule aliishia darasa la pili. Kusoma vizuri alijifunzia humo humo, kwenye matangazo.

Miaka michache iliyopita tulichagua mkuu wa kijiji. Huku kwetu unapiga kura kwa miguu: wagombea wanasimama, nawe unapanga mstari nyuma ya umtakaye, mchana kweupe, jirani akikuona kisogo. Jumapili kabla ya siku hiyo, kati ya karatasi za Nyiramana ilikuwapo moja isiyo na sahihi, ikiwaomba Wakristo wa kweli wasimame nyuma ya mgombea fulani. Akaisoma kama anavyosoma za mbuzi. Huyo fulani akapata mstari uliofika barabarani. Mwenzake, Kimenyi, nyuma yake walisimama mke wake, shemeji yake, na mzee mmoja ambaye mpaka leo tunaamini alidhani ni foleni ya maji.

Mke wa Kimenyi ni Nyirarukundo, rafiki wa Nyiramana tangu Masisi. Toka siku ile hakukanyaga tena kanisani. Akipita mbele ya cherehani ya mwenzake anageuza uso upande wa pili, kama vile mji wa Goma, ng'ambo ya mpaka, unamwita.

Basi mwaka huu redio ikasema wabunge wamepiga kura: makanisa na misikiti yasijiingize kwenye siasa. Mtaani kila mtu akawa mwanasheria. Muhamadi, anayeshona suruali kwenye baraza moja na Nyiramana, alisema sasa mapasta watalazimika kuhubiri Biblia, na, masikini, itabidi kwanza waisome. Tulicheka. Nyiramana alisimamisha mashine, akasikiliza habari mpaka mwisho, hakucheka.

Jumapili iliyofuata Narcisse, katibu wa ofisi ya akagari, ngazi iliyo juu ya kijiji, alimpa karatasi kama kawaida: Alhamisi saa tisa, uwanja wa shule, mbunge anakuja kuwaeleza wananchi kura ile. Nyiramana akaisoma kwa macho, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Akasoma harusi mbili na msiba. Narcisse, aliyezoea kwamba mdomo wa Nyiramana unatosha, hakumwambia mtu mwingine.

Alhamisi viti vya plastiki mia mbili vilipangwa vizuri sana. Tulifika watu tisa, wawili kati yetu wakiwa wamefuata karatasi za alama za watoto wao, wengine tukiwa tumevutwa na viti. Muhamadi alikuja kwa sababu aliiona ile karatasi mezani kwa Nyiramana. Mbunge, mama mmoja aliyekulia Tanzania, alitazama viti, akauliza kwa upole wananchi wako wapi. Narcisse akamnyooshea Nyiramana kidole: yule alipewa tangazo, akalificha. Akaongeza kwamba labda sasa kanisa litafute msomaji mwenye kuelewa.

Nyiramana akasimama. Akaikunjua ile karatasi.

"Muheshimiwa, mulisema kanisa isiingie mu siasa. Hii karatasi iko na jina yako. Bon, we si siasa?"

Muhamadi alikohoa ili asicheke.

"Mama, hili ni tangazo tu," mbunge akasema.

"Na ile ingine pia ilikuwa tangazo tu." Akamweleza habari ya Kimenyi, mstari na yote, bila kumtaja aliyeshinda. "Nilisoma dakika moja. Rafiki yangu, sasa ni miaka, hanisalimii. Kama munaniondoa, muniondoe. Lakini munionyeshe kwanza mupaka iko wapi."

Sisi ni watu wa mpaka, tunapajua Grande Barrière, kivuko cha kwenda Goma, kwa macho yaliyofumbwa. Huo mwingine hakuna aliyewahi kutuonyesha. Mbunge akakiri kwamba walipopiga kura walizungumza juu ya wachungaji na wagombea, msomaji wa matangazo hakuna aliyemkumbuka.

"Karatasi inayoita watu wote, isome," akasema. "Inayowaambia wasimame nyuma ya nani, mrudishie aliyeileta."

"Na kama haina jina ya mwenye kuileta?"

"Basi isisomwe."

Akamwambia Narcisse kwamba msomaji aachwe mahali pake, na kwamba atarudi Alhamisi ijayo. Akamwomba Nyiramana awatangazie watu.

"Nitasoma," Nyiramana akasema, "lakini inje."

Jumapili, baada ya baraka, alitoka na karatasi yake akapanda jiwe jeusi la volkeno lililo kando ya lango, barabarani, mahali anapopita Mwislamu, anapopita mlevi, anapopita asiyekanyaga tena kanisani. Akasoma, Kinyarwanda, halafu Kiswahili. Nyirarukundo alikuwa anatoka sokoni na kapu la viazi. Safari hii hakutazama upande wa Goma. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka mwisho, kapu likiwa bado kichwani.

"Umesema saa ngapi?" akauliza.

Saa alikuwa ameisikia, kama sisi sote.

"Saa tisa," Nyiramana akamjibu, akavua miwani.