Waya Juu ya Bati

Mzee aliyeitwa Waya na mtaa mzima alikuwa juu ya bati tangu saa tatu asubuhi. Mkewe alikuwa sebuleni, rimoti mkononi, akimwomba Mungu amwongezee subira, maana ile aliyozaliwa nayo ilishakwisha kitambo.

Jina la Waya mzee alilipata kihalali. Miaka thelathini alifunga antena za watu, enzi za televisheni zenye mgongo mkubwa, na hapakuwa na paa mtaani asilolijua. Kazi ilikuwa ya watu wawili: yeye juu anazungusha, mwenye nyumba ndani anamwambia chenga kwenye picha zimepungua, zimezidi, rudisha kidogo. Kisha vikaja ving'amuzi, wakaja na mafundi wenye vipimo, na Waya akabaki na ngazi yake. Mkewe, fundi cherehani, akaishika nyumba kwa sindano na hakumsimanga hata siku moja. Leo alikuwa karibu kumsimanga.

Leo saa saba mchana kitinda mimba wao angesoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza. Waya hakuitaka kazi hiyo. Alitaka mtoto awe muuguzi, akasema kuuza sura si kazi. Mtoto akajibu, akajibiwa, na mwaka ukapita baba na binti wakisalimiana kupitia kwa mama. Mama alikuwa amechoka kubeba salamu. Alitaka kitu kimoja tu: huyu mzee akae kwenye kochi lile amtazame mwanawe, kiburi kimtoke. Ndiyo maana alinunua king'amuzi. Akataka kumwita fundi, na hapo Waya akaja juu.

"Fundi gani aingie nyumba hii na mimi ni mzima? Nafunga mwenyewe. Jioni kuna mpira."

Mpira. Mtu ambaye hajui hata timu ina wachezaji wangapi.

"Mama watoto, sasa je?" sauti ilishuka kutoka juu.

"Hakuna mawimbi."

Bati likalia. "Sasa?"

"Bado."

Bati likalia tena, na papo hapo picha ikatokea, safi kama maji. "Hapo hapo, usiguse," mama akasema.

"Hapo wapi? Nimeshapita."

Picha ikapotea. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. King'amuzi kina uvivu wake: ukigeuza antena kinanyamaza sekunde nne, tano, ndipo kitoe picha, na hakitoi nusu. Ni yote au hakuna. Waya alizoea chenga za kumwambia kuwa anakaribia. Akiambiwa "bado" anageuza, na picha ikifika inakuta antena imeshahama. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Mkewe aliligundua hilo saa nne, akamwambia. Saa tano akamwambia tena. Saa sita alimwambia kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Baba watoto, geuza kidogo, halafu uhesabu mpaka kumi."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha kuhesabu."

Mzee akanuna, na alipokuwa akinuna aligeuza kwa kasi zaidi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ilipobaki robo saa, mama alitoka nje na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akasimama chini ya ngazi. "Nisikilize. Huo mpira wako mimi siujui, na wewe huujui. Mwanao anasoma saa saba. Nikimkosa kwa ubishi wako sitakusamehe, na nakwambia nikiwa na akili zangu timamu."

Bati likalia mara moja. Kisha akamsikia anahesabu, kwa sauti ya mtoto aliyeadhibiwa: moja, mbili, tatu. Mama akarudi sebuleni. Mzee akageuza kidogo, akahesabu tena. Alipofika nane mara ya tano, picha ilitokea na ikakaa. Mama akashusha pumzi. Waya akaiachia antena ili ashuke, picha ikakatika, mama akapiga kelele. Akaishika, ikarudi. Akakaza skrubu, akafunga na kamba, akaachia, ikakatika.

"Shuka," mama alisema dirishani. "Nitapanda nishike mimi, wewe uje umwone."

"Kwa goti hilo?"

"Goti ni langu. Shuka."

"Mama watoto, kaa. Anaanza."

Na kweli alikuwa anaanza. Mama akaketi, akaona mwanawe kavaa gauni alilomshonea mwenyewe, mabega yamekaa sawasawa, na machozi yakamtoka pamoja na hasira. Kochi upande wa pili lilikuwa tupu.

"Ana woga?" Waya aliuliza kutoka juu.

"Hana."

"Anasoma karatasi, au anawatazama watu?"

"Anawatazama watu."

"Amekonda?"

"Baba watoto, tuache tusikilize."

Jua la saa saba lilikuwa likichoma bati. Dakika ishirini mzee hakuondoa mkono. Mara moja tu picha ilikatika; mama akapiga kelele, akamsikia mzee kule juu anahesabu polepole, na uso wa binti ukarudi.

Taarifa ilipokwisha, simu iliita.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Umesoma vizuri mno."

Binti akashusha sauti. "Na baba?"

Uongo ulishafika ulimini. Mama akaumeza. "Baba yako hajakuona hata kidogo. Picha haikai bila mkono. Yuko juu ya bati, ameishika antena tangu ulipoanza ili mimi nikuone. Nimemwambia ashuke, hataki."

Kwenye simu binti alisikika akivuta kamasi.

"Mama watoto," Waya akaita, sauti imemkauka, "amemaliza, au niendelee kushika?"

Mama akafungua spika ya simu, akaitoa nje ya dirisha, akainyoosha juu hadi mkono ulipoishia.

"Muulize mwenyewe," akasema.