Eluned na Picha ya Muuza Kome

Eluned Beynon alikuwa na miaka tisa mama yake alipoanza kumpeleka ufukweni Penclawdd, huko Wales, kuokota kome. Maji yakipwa, wanawake walivuka mchanga na punda wao, wakakwangua na kuchekecha mpaka vidole vikafa ganzi. Kesho yake wakaenda kuuza sokoni Swansea, kapu kichwani. Eluned aliifanya kazi hiyo miaka thelathini. Mgongo ulipogoma, akapata kibarua cha kusafisha maktaba moja mjini, yenye chumba kizima cha picha za mavazi ya kale ya Wales.

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari alikuwa akifuta vumbi humo. Picha moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, ikingoja maonyesho ya Sikukuu ya Mtakatifu Daudi wa Wales, Machi mosi: mwanamke wa sketi ya flaneli yenye mistari, shali begani, kofia bapa kichwani, kapu mkononi. Chini yake pameandikwa, "Mke wa mkulima akienda kanisani."

Eluned akaangua kicheko.

Bwana Parri, mtunza picha, akainua macho. "Kulikoni, Bi Beynon?"

"Kanisani, na sketi imepandishwa magotini? Mchungaji si angezirai!"

"Kitabu cha mavazi nilichonakili ndivyo kinavyosema."

"Na huyo aliyekiandika, alibeba kapu lini? Huyu muuza kome, Bwana Parri. Kapandisha sketi isilowe. Tazama kofia ilivyobonyea katikati. Hapo ndipo inapokaa kata ya kubebea kapu."

"Aa, hiyo brashi tu imemteleza mchoraji."

Eluned aliiendea rafu ya vitabu. Alikisokota kitambaa chake kikavu kikawa kata, akakitua kichwani, juu yake akapanga vitabu vitano vizito.

Parri aliruka kitini. "Mama wee! Vina miaka mia mbili hivyo!"

"Basi tulia, usinibabaishe."

Akatembea mpaka dirishani, akageuka, akarudi, mikono kiunoni. Hakikutikisika hata kimoja.

Parri akaketi taratibu, akachukua kalamu. "Haya, niambie upya. Polepole."

"Na jina langu uliandike. Mwenye kitabu si kaandika lake?"

Likaandikwa. Siku ya maonyesho wanawake wa Penclawdd walishuka kwenye treni kundi zima, wakajaa mbele ya picha. Shangazi yake Eluned, Bi Keturah, mwenye miaka themanini na mbili, aliikazia macho.

"Kapu limekaa upande," akatangaza. "Huyu hafiki Swansea."

Wote wakacheka, na Parri akaliandika hilo pia.

Majira ya kuchipua ufagio ulipata mwenyewe mwingine. Eluned aliwekewa meza kando ya madroo ya picha, akakaa hapo miaka kumi na mmoja akirekebisha maelezo. Alipokutana na vazi asilolijua alisema wazi, "Hili silijui," akavaa koti, akapanda basi kwenda kumtafuta bibi aliyewahi kulivaa.