Ubongo wa Udongo wa Bindubala

Kwetu Ghurni, mtaa wa wafinyanzi, hakuna asiyemjua Bindubala Pal, na wengi wanamjua kwa sababu aliwahi kuwagombeza. Ni mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi, mke wa mfinyanzi. Akikufinyangia pera la udongo, nzi watalifuata. Mkono wake umebarikiwa. Ulimi wake, ndiyo hivyo tena.

Mumewe Haradhan alimzidi kwa maneno, si kwa ukali bali kwa wingi. Mdomo wake ulikuwa cherehani. Asubuhi alianza na bei ya samaki, adhuhuri akahamia kwenye siasa, na jioni akamalizia uani kwa nyimbo za Krishna, ngoma ikining'inia shingoni na wanaume wa mtaa wakimwitikia. Haradhan hakumwita mkewe kwa jina, maana kwetu watu wa rika lao, mume hamtaji mke na mke hathubutu kumtaja mume. Alisimama tu mlangoni akapaza sauti: "Mwenzangu, wasikia?" Na Bindubala, miaka yote ya ndoa, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi si kiziwi!" Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na anayetaka kucheka acheke.

Siku moja ya mvua Haradhan alikuwa sokoni akibishana na mchuuzi aliyetaka sanamu kwa nusu ya bei. Akamnyooshea kidole, akamwambia, "Mwizi!" na papo hapo akaanguka. Kiharusi. Hospitali walimwokoa, lakini alirudi nyumbani mkono wa kulia umelegea, na katika maneno yake yote limebaki lile moja la mwisho.

Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alielewa kila kitu. Ila akitaka chai, "Mwizi." Akishukuru, "Mwizi." Kuhani Tarapada alipokuja kumwombea naye akaambiwa "Mwizi", na sisi majirani tukatazamana, maana hapo hakuwa mbali sana na ukweli. Siku wakwe watarajiwa walipofika kumposa binti yao Shiuli, Haradhan alimkumbatia baba wa kijana kwa mkono wake mmoja mzima, machozi ya furaha yakimtoka, akimwita "Mwizi! Mwizi!" Bindubala alitamani ardhi ipasuke. Bahati nzuri yule bwana anauza nguo huko Ranaghat. "Shemeji, tulia," akasema. "Wateja wananiita hivyo kila siku, ila hakuna aliyewahi kuniita kwa upendo namna hii."

Basi harusi ikapangwa miezi ya baridi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwetu baba ndiye anayemtoa binti, na anamtoa kwa kinywa chake: kuhani anatangulia, yeye anafuatisha jina la babu yake, la baba yake, lake mwenyewe, la ukoo, na la binti. Asiyeweza kutamka, nduguye anakaa mahali pake. Kanai, kaka yake Haradhan, alikuwa tayari zamani.

"Shemeji, usihangaike," alimwambia Bindubala. "Hata hariri nimeshanunua."

"Hariri hiyo uivae kwenye harusi ya paka wako!"

"Sasa nani atamtoa mtoto? Huyu amtoe kwa neno 'mwizi'? Si watadhani tumemwiba?"

Shiuli, aliyekuwa akichambua dengu pembeni, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nataka Baba anitoe. Sitaki mwingine." Haradhan akageukia ukutani. Bindubala aliona mabega yake yakitikisika, na tangu hapo usingizi ukamruka.

Ni katika wiki hizo alipokuja Daktari Mandira Lahiri, mwalimu katika chuo cha udaktari, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Bongo halisi walizonazo ni chache, wanafunzi wanazishikashika mpaka zinameguka. Alitaka wa udongo, mkubwa kama boga, unaofunguka vipande vipande, na mishipa yake yote. Akaacha sanamu ya plasta ya kuigia na picha.

"Nimefinyanga mungu wa mikono kumi," alijibu Bindubala. "Kichwa kimoja kitanishinda?"

Kikamshinda. Hapa lazima mtuelewe sisi watu wa udongo. Kwetu ufa ni aibu. Mtoto hata kabla hajajua kuhesabu anajua kuchovya kitambaa kwenye udongo mwepesi na kuziba ufa. Bindubala aliitazama ile plasta, ina mikunjo na mifereji kila mahali, akamwonea huruma daktari wa watu. Maskini, wamemuuzia kitu kilichokauka vibaya. Akamrekebishia. Aliziba mfereji baada ya mfereji, akasugua, akang'arisha mpaka ukaweza kujitazama uso humo.

Daktari Mandira aliporudi aliugeuza huku na huku. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la udongo.

"Mama, huu ubongo ni wa panya!"

Bindubala akashika kiuno. "Panya gani wa ukubwa huu?"

"Wa panya ndio laini hivi. Wetu umejikunja. Umeshawahi kusukumiza shuka kubwa ndani ya chungu kidogo? Ndivyo ulivyoingia kichwani. Kwenye hiyo mikunjo ndimo mtu anamokaa. Wewe umemziba mtu mzima!"

"Basi ungesema mapema," alinung'unika Bindubala, akatia maji kwenye udongo aanze upya.

Safari hii daktari alikaa naye chini, bakuli la bisi za mchele katikati, akimwelekeza. Wakatengeneza nusu mbili, na nyuma chini yake ubongo mdogo uliojikunja kama koliflawa, na shina linaloshuka kuelekea uti wa mgongo. Mishipa ya damu wakaifanya kwa waya uliozungushiwa uzi mwekundu: minne inapanda kutoka shingoni, miwili mbele, miwili nyuma, ikafika chini ya ubongo ikashikana duara kama watoto wanaocheza, na kutoka kwenye duara matawi yakasambaa. Tawi kubwa kuliko yote, kila upande, likapita ndani ya mfereji mrefu wa ubavuni. Bindubala alilibonyeza mahali pake kwa kidole gumba. Kisha zikaja nyuzi za njano, njia za fahamu, zinazoshuka kutoka juu kwenda kuamuru mikono na miguu.

"Hapa chini kwenye shina uzivushe," alisema daktari. "Za kushoto ziende kulia, za kulia ziende kushoto."

"Zivuke? Kwa nini zisishuke moja kwa moja kama watu wenye adabu?"

"Mimi nafundisha tu, mama, sikuumba."

Bindubala alivusha nyuzi, mara mikono yake ikasimama. "Ngoja. Mkono wa kulia ukilegea, ugonjwa uko kushoto?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Ole wangu! Karibu mwaka mzima nampaka mtu mafuta ya haradali upande wa kulia wa kichwa! Nimekuwa nikimtibu jirani!"

"Hata upande wenyewe mafuta hayafiki huko ndani," alisema daktari, akijizuia kucheka. "Ila kupapaswa kichwa hakujamdhuru mtu."

Hapo Bindubala akamweleza yote: sokoni, neno moja, harusi, Kanai na hariri yake. Daktari Mandira akaacha kutafuna. Akachukua kijiti akagusa ule ubongo mbichi upande wa kushoto, mbele kidogo, juu tu ya mfereji mrefu.

"Kwa watu wengi maneno yanatengenezwa hapa. Ule mshipa mkubwa ukiziba, hapa panakosa damu. Mtu anajua anachotaka kusema, lakini hakitoki. Neno lililozoeleka sana au la hasira ndilo linaweza kuchomoka lenyewe."

"Na wimbo?"

"Wimbo una njia zake. Upande wa kulia nao unaushika. Wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji, lakini wanaimba. Si wote, mama, sikuahidi kitu. Kwani yeye anaimba?"

Bindubala akainuka. Tangu mumewe arudi kutoka hospitali, hakuna aliyeimba katika nyumba ile. Tulihamisha nyimbo zetu uani kwa Kanai, tukaning'iniza ngoma ya Haradhan juu darini ili asiione akaumia. Sote tuliona tumefanya wema. Mwaka mzima, wema mtupu!

Bindubala alitoka mbio mikono ikiwa na udongo, akapanda kiti, akashusha ngoma. Haradhan akamtazama. Bindubala hajui kupiga ngoma, anaipiga kama anayefukuza mbuzi, lakini aliupiga ule wimbo wa jioni, akaanza kuimba kwa sauti yake mbovu. Alipofika nusu ya mstari akanyamaza makusudi.

Haradhan akaumalizia. Maneno yote, moja baada ya jingine, yamenyooka. Kisha akashtuka mwenyewe, akashika mdomo, akasema, "Mwizi!" Wakacheka na kulia, Shiuli akaja mbio akadhani kuna msiba.

Msidhani ilikuwa mteremko. Wimbo wa zamani ni kitu kimoja, majina ya ukoo ni kitu kingine. Bindubala aliyatia majina kwenye mahadhi ya wimbo wa jioni, kama daktari alivyomshauri: kidogo kidogo, polepole, mkono wa kushoto ukipiga gotini. Walikazana, wakagombana. Haradhan alipokosea, mkewe alimwambia, "Ndiyo maana kaka yako amenunua hariri," naye akarudia kwa hasira, sawasawa. Kuhani Tarapada alikubali majina yaimbwe. "Miungu wana masikio," alisema, "na wamesikia sauti mbaya kuliko hiyo." Kanai alinuna siku mbili, kisha akajitolea kusimamia chakula.

Siku ikafika. Samaki mkubwa aliyevishwa kama bibi harusi akapelekwa kwa wakwe, sarpuria, vile vitafunio vitamu vya maziwa, zikajaa sinia, na magharibi bwana harusi akaketi. Na Bindubala? Bindubala alifungiwa chumba chake cha kufinyangia, nyuma ya ukuta. Kwetu mama haangalii ndoa ya mwanawe, ni mkosi, hata awe nani. Akakaa humo na ubongo wake uliokuwa ukisubiri rangi ya mwisho, sikio limebandikwa ukutani.

Alisikia kuhani akianza. Alisikia akimpa Haradhan zamu. Kisha kimya.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria, si yeye wala sisi. Baba anayetoa binti hushika mikono ya maharusi iliyounganishwa. Mkono wa kulia wa Haradhan hauna nguvu, kwa hiyo aliwashika kwa wa kushoto. Na wa kushoto ndio uliokuwa ngoma yake.

"Mw..." alisikia Bindubala. "Mwizi."

Mtu mmoja upande wa wakwe akacheka. Kuhani akarudia jina la babu. "Mwizi," akasema Haradhan, sauti imekatika. Kanai, tuseme haki, aliinamisha kichwa, hakusogea hata kidogo.

Bindubala aliutazama mlango. Mlango hauruhusiwi kufunguliwa. Kutazama ni mwiko. Lakini nani amekataza kelele? Akanyakua mtungi mkubwa, akaupindua, akaanza kuutwanga kwa viganja, mahadhi ya wimbo wa jioni, kwa nguvu mpaka vumbi likamwagika kutoka kwenye mbao. Aliukosea, akaurekebisha, akaendelea.

Upande wa pili wa ukuta, sauti ikainuka. Nzito, yenye kutu, lakini ni yake. Haradhan akamwimba babu yake. Akamwimba baba yake. Akajiimba mwenyewe, kisha ukoo. Alipofika kwa Shiuli akalivuta jina lile muda mrefu, kama hataki liishe, kisha akaliachia. Vigelegele vikalipuka, baragumu la kombe likalia, na Daktari Mandira, aliyealikwa na kukaa karibu na sinia, alivua miwani akaifuta mara tatu.

Mtungi ulipasuka mikononi mwa Bindubala. Alikaa kati ya vigae, anahema, nywele zimejaa vumbi.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Haradhan alisimama akiegemea fremu, mkono wa kushoto ukagonga mbao, taratibu. Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Hakuna aliyemfundisha.

"Mwenzangu," akaimba, "wasikia?"

Bindubala akafungua mdomo ajibu kama siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, maneno yakamkwama yeye. Haradhan akangoja, kichwa amekiinamisha upande. Akagonga tena, akaimba tena.

"Mimi si kiziwi," akasema Bindubala.