Nilivyoivua Nyumba Yangu Mabati

Ninyi vijana mutakaosoma haya, chekeni kwanza muchoke, maana mutaa wetu wote hapa Kalemie ulishacheka kabla yenu, na mimi hadi leo ninapita sokoni nikijifunika kitenge usoni.

Nyumba yangu njo ya mwisho juu ya kilima. Nyuma yake kuna shamba langu la mihogo, ambalo mwanangu Kalume alitaka kulikata viwanja auze, na mimi nilikataa kila siku, lakini nguvu ya kukataa ilikuwa inaniishia. Asubuhi moja wapimaji wa ardhi wa komini, serikali yetu ya hapa, wakaja na kamba, wakaanzia kwenye ukuta wangu. Mumoja alinisalimia, akataka kunieleza, nikamufungia mulango (viatu vyake vilikuwa vimekanyaga mihogo yangu). Hapo njo mambo yaliharibikia. Kwetu kila mutu anajua, wakipima ukuta wako watakuja kuubomoa, na mwenye akili anaokoa mabati mapema. Marehemu mume wangu aliyanunua mabati yale moja moja kwa kazi ya reli, sikutaka mashine iyakunje. Kalume akapanda kubandua, majirani wakamusaidia, wamama wa kwaya wakaja kunililia, kitanda kikawa barabarani na nguo zangu za ndani juu yake (musiniulize), halafu mvua ikatushukia wote.

Kesho yake yule mupimaji aliyenisalimia akarudi, akaniita Koko, yaani bibi, kama wote hapa.

"Koko, nani amekubomolea?"

"Wewe."

Hakucheka. Alikaa nami juu ya kitanda kilicholowa, akanieleza kwamba komini imekataza muji usiendelee kupanda kilima, kwani mashamba yakiisha udongo utateremka na mvua hadi ndani ya nyumba za watu wa chini, na chakula kitatoka mbali. Mupaka umewekwa nyuma ya ukuta wangu. Nyumba inabaki, shamba linabaki shamba.

"Nyuma yako hakuna atakayejenga, Koko."

Watu walicheka hadi kwaya ikashika mbavu. Mimi nililia, Kalume akainamisha kichwa. Mupimaji akavua viatu, akapanda juu kutusaidia kurudisha mabati.

Mabati yana matundu sasa, yanavuja kila mvua. Lakini kabla musumari wa mwisho haujaingia niliwaamuru wa nyumba yangu: mutu wa kamba akija, mumupe kiti, mumusikilize hadi amalize, na wa kuuliza kiwanja akija, Kalume mwenyewe amwambie muji unaishia hapa, kisha amupe jembe.