Kitufe Alichobonyeza Bi Zuhura Mara Tisa

Leo nimeumbuka Kariakoo, tena mbele za watu 😅

Bi Zuhura anauza vitenge vya jumla. Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti: akibonyeza kitufe kimoja, seva inakusanya picha zote za vitenge, inatengeneza katalogi na kuwatumia wateja wa mikoani.

Leo ikagoma. Ukurasa unazunguka weee, kisha unaandika kosa.

"Shikamoo Bi Zuhura. Nadhani intaneti yako ndiyo mbovu."

"Marahaba. Mbona taarabu inacheza vizuri tu, mwanangu?"

Duka zima likacheka.

Nikafungua laptop juu ya robota la vitenge. Kumbe kosa ni langu!

Picha zimeongezeka, kazi inachukua dakika nne, na ukurasa hauwezi kusubiri muda wote huo. Yeye akidhani haijasikia, kabonyeza mara tisa. Seva ilikuwa inahangaika na katalogi tisa kwa mpigo, masikini.

Nikarekebisha palepale. Sasa seva inajibu mara moja, "Nimepokea, naandaa," halafu inaendelea na kazi kimyakimya. Ukibonyeza tena, haianzi upya.

Bi Zuhura akabonyeza mara moja tu, akarudi kwa wateja wake.

Baada ya muda simu ikaita. Mteja wa Mbeya: "Katalogi nimeiona! Niwekee ile ya maua ya njano."

Bi Zuhura akanigeukia.

"Kumbe muda wote ilikuwa inafanya kazi. Ilikosa tu adabu ya kuitika."

Mafundi wenzangu, nani mwingine kashawahi kuisingizia intaneti ya mtu? Semeni ukweli 😂